Njia ya Nane

Kwa Dada, 3 Machi

Kimbaumbau,

Jana mchana wamenitoa hospitali. Kutoka mlango wa gari mpaka mlango wa nyumba ni hatua kumi na tisa. Nimezihesabu kwa sababu zilinichukua dakika sita, nikiwa kwenye magongo, huku Dada akinifuata nyuma na mto mkononi, kana kwamba nikianguka atauwahisha chini kabla sijafika. Mimi, niliyemaliza kilomita arobaini na mbili kwa saa mbili na nusu!

Nimewekwa kwenye chumba anachoshonea. Mguu wa kushoto uko juu ya mito mitatu, umefungwa plasta mpaka chini ya goti. Cherehani iko karibu na kichwa changu, na ikifika saa mbili asubuhi inaanza kelele bila haya. Wateja wanaingia kupimwa nguo, wananikuta, wananipa pole, wanaugonga mguu kwa kidole kuona kama ni mgumu kweli, kisha wanageuka kupimwa kiuno. Siku moja tu, na tayari najua viuno vya nusu ya mtaa.

Daktari ametia skrubu mbili kwenye ule mfupa mdogo wa juu ya unyayo, upande wa ndani. Kazi imekwenda vizuri. Baada ya wiki kumi na mbili nitakuwa uwanjani nimesimama. Baada ya wiki ishirini tutakimbia wote kule msituni, na utakoma.

Sasa ya kwako. Mchujo wa timu ya taifa ni tarehe 18 Mei. Mazoezi yote yamo kwenye daftari la kijani, na Kocha Msaidizi ana nakala. Ni mtu mwema, ila yeye alikuwa mruka viunzi, na mruka viunzi akisikia mita elfu kumi anadhani kuna mtu kaadhibiwa. Mvumilie.

Unajua walichosema wakubwa wa chama cha riadha: kambi isipoingiza hata mkimbiaji mmoja kwenye timu mwaka huu, watatafuta kocha mwingine. Sikuandikii hili ili ulale nalo. Ni kwa sababu ungelisikia kwa wengine likiwa limeshatiwa chumvi. Wewe kimbia tu.

Simu zibaki kabatini. Kanuni niliitunga mimi, siivunji kwa sababu ya plasta. Na hata zikitolewa, mtandao huko kwenu mpaka mtu apande juu ya tangi la maji, na sitaki mkimbiaji wangu juu ya tangi. Dereva wa maziwa anashuka mjini kila siku na anapita mtaa huu. Mpe barua.

Niandikie yote: muda wa kila mzunguko, usingizi, hamu ya chakula. Anayemficha kocha wake ni sawa na anayemdanganya daktari kwamba hana homa.

Kocha


Kambini, 11 Machi

Shikamoo Kocha,

Barua yako ilifika inanuka maziwa. Tuliisoma watatu, lakini Msaidizi alipotokea niliikalia, kwa sababu ya ule mstari wa viunzi.

Amenunua filimbi mpya. Anaipuliza tukiamka, tukila, tukinawa. Juzi aliipuliza usingizini, bweni zima likatoka nje na raba mkononi. Yeye mwenyewe ndiye hakuamka.

Kuna msichana mpya. Tunamwita Mgeni, ingawa sasa ana wiki mbili hapa. Ana miguu mirefu kama ngazi, anakula upesi, anakimbia upesi, na hasemi kitu. Nimempa kitanda cha karibu na dirisha.

Jumanne tulikimbia mita elfu mara nane. Nimeandika muda wote nyuma ya karatasi hii. Ya mwisho ilikuwa dakika tatu na sekunde nane. Nilikuwa njia ya nane, lakini Msaidizi alisogeza alama za kuanzia ili umbali uwe sawa, kwa hiyo namba ni za kweli. Nalala vizuri. Nakula vizuri.

Siku ile unaingizwa wodini ulinishika mkono ukaniambia, "Usiniangushe." Sijasahau, Kocha. Sitasahau.

Mguu unaendeleaje? Unauma? Ukiuma, unauma vipi?

Kimbaumbau


Kwa Dada, 19 Machi

Kimbaumbau,

Mguu wa mgonjwa unauma kama miguu ya wagonjwa wote, hakuna cha kusimulia. Wiki iliyopita wametoa nyuzi wakanifunga plasta nyingine, nyepesi. Daktari aliitazama picha akasema mfupa unashika. Nikamuuliza lini nitaanza kukimbia, akacheka, akasema tusiharakishe. Kwa hiyo weka wiki ishirini na mbili badala ya ishirini.

Dada amenipa kazi ya kushonea vifungo. Anasema mtu mwenye mikono miwili mizima hawezi kukaa kwake anatazama dari tu. Jana nilishona shati zima la mhasibu mmoja, vifungo saba, na alipolivaa tukagundua nimeyashona matundu pamoja na vifungo. Dada alinipa kiwembe nifumue.

Namba zako nimezisoma. Nzuri. Lakini hiyo njia ya nane ni ya nini? Mchujo haukimbiwi huko. Kwenye mita elfu kumi wote mnabanana njia ya kwanza, kiwiko kwa ubavu, na anayezoea kukimbia nje anazoea kukaa peke yake. Nieleze.

Kocha


Kambini, 27 Machi

Shikamoo Kocha,

Pole kwa vifungo. Tumecheka sana.

Njia ya kwanza ina matope. Mvua zimeanza mapema na maji yanatuama kwenye kona. Pakikauka nitarudi ndani.

Jumamosi tulikimbia kilomita kumi na sita msituni. Mgeni alinipita kwenye mteremko wa mwisho. Nilimwacha tu, sikutaka kushuka kwa kasi kwenye utelezi.

Msaidizi anakusalimu. Filimbi imepotea. Hakuna anayejua ilipo, nami nikiwemo, ukiulizwa.

Kimbaumbau


Kwa Dada, 2 Aprili

Kimbaumbau,

Leo asubuhi dereva wa maziwa aliingia kuchukua suruali yake. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nikamuuliza mvua za huko zinaendeleaje. Akanitazama kama mtu aliyepandwa na homa.

"Mvua ipi, Mama? Kule hata vyura wanakohoa."

Basi nieleze hayo matope yametoka wapi.

Au usinieleze. Mtu aliyelala mwezi mzima anapata muda wa kupiga hesabu. Mgeni amekuja. Mgeni ana miguu ya ngazi. Wiki hiyohiyo wewe umehamia njia ya nje, ambako hutasikia pumzi ya mtu shingoni. Kwenye mteremko ukamwachia njia. Umemwogopa, ndicho kilichopo, na badala ya kusema umeogopa umenitungia mvua.

Kuogopa si kosa. Kila anayesimama kwenye mstari anaogopa. Uongo ndio kosa. Miaka minne nimeamka kabla yako ili nikukute uwanjani, na sikuwahi kukuomba kitu zaidi ya ukweli. Leo mguu wangu uko juu ya mito, siwezi kuja kuona kwa macho yangu, na ndio wakati ulioona unafaa.

Kesho rudi njia ya kwanza. Jikaze kisabuni. Mwache Mgeni akupumulie.

Kocha


Kambini, 6 Aprili

Shikamoo Kocha,

Nimerudi njia ya kwanza.

Leo, mita elfu mara kumi. Wastani dakika tatu na sekunde sita. Mgeni alibaki nyuma sekunde kumi na moja.

Nakutakia nafuu.

Mkimbiaji wako


Mtaani, 12 Aprili

Binti yangu Kimbaumbau,

Hatujaonana zaidi ya mara mbili. Mimi ni dada mkubwa wa kocha wako, huyu mwenye cherehani. Nilimwambia nataka kukuandikia, akaniomba niahidi kwamba sitakuandikia. Sikuahidi. Nilikuwa na pini mdomoni.

Tangu ije ile barua yako fupi, hali chakula. Namwekea chai inapoa, namwekea mkate nawapa kuku wa jirani. Barua ameiweka chini ya mto, na akidhani niko sebuleni anaitoa. Jana nilimsikia anasema peke yake, "Ameniitikia kama karani." Sijui mmegombania nini na siulizi. Mimi ni fundi wa nguo, riadha siijui. Ila mdogo wangu namjua, na kuna jambo amekuficha.

Daktari hakucheka. Nilikuwepo. Alivuta kiti akakaa, na wewe ukiona daktari amevuta kiti, shika moyo. Akamwambia mfupa huu haukuvunjika juzi. Ulianza kupasuka zamani, ukaunga vibaya, ukapasuka tena juu yake. Skrubu zitamsaidia kutembea. Atatembea, atapanda ngazi, atasimama uwanjani. Kukimbia, basi. Si baada ya wiki ishirini wala ishirini na mbili. Basi kabisa.

Akamuuliza, "Ulikuwa unajua una ufa?"

Akajibu hapana.

Ulikuwa uongo, binti yangu, na mimi nilinyamaza kwa kuwa nina sehemu yangu. Miaka kumi na minane iliyopita, siku mbili kabla ya mbio kubwa kuliko zote alizowahi kukimbia, alikuja hapa mguu umevimba kama andazi. Hakutaka kwenda hospitali, alijua wangemzuia. Akaniomba kitambaa kigumu, kisichovutika, upana wa vidole vitatu. Nikamkatia. Nilikikunja kingo nikazishona ili kisimkate. Akaufunga mguu, akakimbia, akawa wa kwanza, nami nikiwa kando ya barabara napiga vigelegele. Nilikuwa nashangilia kazi ya mkasi wangu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwetu sisi kilio kilichelewa miaka kumi na minane, lakini kilipofika kilikaa.

Sikuandikii ili umhurumie, hapendi. Mwandikie tu barua ndefu. Hata ya umbea.

Mama wa Cherehani


Kambini, 15 Aprili

Shikamoo Kocha,

Mama wa Cherehani ameniandikia. Usimgombeze, tafadhali. Sasa najua kuhusu daktari aliyevuta kiti, na nimelia, nikanawa, nikalia tena, mpaka Mgeni akazungumza. Alisema, "Nini?" Ndiyo sentensi yake ndefu kuliko zote wiki hii.

Kocha, sikumwogopa Mgeni. Mguu unaniuma.

Wa kushoto. Juu ya unyayo, upande wa ndani. Ulianza mwezi wa pili, siku chache kabla ya wewe kufanyiwa upasuaji. Mwanzoni ulikuwa ukiuma nikimaliza tu, kisha ukawa unauma nikianza. Kwenye kona ndiko mbaya zaidi, kwa sababu tunazunguka kuelekea kushoto na mwili wote unauangukia mguu huo. Kona ya njia ya nane ni pana, haiumi sana. Ndiyo maana. Mvua niliitunga, kweli, na nisamehe.

Siku ile ya hospitali nilikuja nimeyapanga maneno. Niliyapanga njia nzima. Ukanishika mkono ukaniambia nisikuangushe, nikayameza.

Uliponiita mwoga nilirudi njia ya kwanza, nikaukimbiza mguu kwa hasira. Zile sekunde sita ni za hasira. Tangu siku hiyo siwezi kushuka ngazi za bweni asubuhi mpaka niuchue kwa maji ya moto. Msaidizi hajui. Namwambia nimelalia vibaya.

Mchujo umebakiza siku thelathini na tatu. Najua nikikosa, hakuna mwingine, Mgeni bado mchanga, na chama kitakuondoa. Kwa hiyo nimefikiri hivi: naweza kukimbia kilomita kumi tu, mara moja, halafu nipumzike mwaka mzima.

Nilitaka kuuliza kama Mama wa Cherehani anaweza kunikatia kitambaa kama kile.

Kimbaumbau


Kwa Dada, 16 Aprili

Kimbaumbau,

Hapana.

Dereva yuko nje, injini inanguruma, ananisubiri nimalize.

Usikimbie leo. Usikimbie kesho asubuhi "kidogo tu". Kesho panda gari la maziwa, kaa kiti cha mbele, vua kiatu, unyooshe mguu, ushuke hapa. Daktari nimeshampigia. Atakuona Alhamisi. Msaidizi nimemwandikia karatasi yake, nayo anayo dereva.

Nilikuita mwoga. Nakuomba radhi. Nimeandika neno hilo na nikilitazama naona halitoshi, lakini dereva anapiga honi.

Kwenye barua yangu ya kwanza nilikuambia habari za chama, nikasema sikuandikii ili ulale nalo. Nilikuandikia ili ulale nalo. Nilitaka ulale nalo na uamke nalo. Huo ndio ukweli, na umenichukua wiki sita kuusema.

Mwingine ni huu. Daktari aliponiuliza kama nilijua, nilijua. Kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikikanyaga kila asubuhi kwa uangalifu kama mtu anayepita chumba cha mtoto aliyelala. Na wewe uliuliza, kwenye barua yako ya kwanza, mguu unauma vipi. Mwanafunzi haulizi hivyo bila sababu. Kocha mzima na saa zake hakusikia.

Kuhusu chama, niachie mimi. Mifupa yako si mali yao wala yangu.

Dada anasema hakati kitambaa. Amefungia mkasi kwenye droo, ufunguo kauvaa shingoni, na wateja wawili wameondoka na nguo nusu.

Njoo.

Kocha


Kambini, 14 Julai

Shikamoo Kocha, na shikamoo Mama wa Cherehani, najua unasoma begani kwake,

Nimefika salama. Miezi mitatu ya kulala kando ya cherehani imeniharibu: jana usingizi ulikataa kwa ajili ya ukimya.

Walinizunguka kunipokea. Msaidizi akaniuliza daktari alisema nini hasa, nikawaeleza wote. Kwamba ufa ulikuwa mwembamba kama unywele. Kwamba wiki mbili zaidi za njia ya kwanza zingeupasua mfupa wote, na ningefunguliwa mguu kama wewe. Wiki nane sikukanyaga chini. Nikawaeleza pia jinsi tulivyokuwa wanawake wawili kwenye chumba kimoja wenye miguu miwili mizima kwa jumla, tukipokezana magongo kwenda kuoga, na Mama wa Cherehani akituita Jozi. Walicheka. Kisha mmoja, sitamtaja, akainua mkono akasema goti lake linamuuma tangu Mei.

Mgeni amerudi kutoka kwenye timu na sare mpya. Alinishika mkono akasema asante kwa kitanda cha dirishani.

Naikumbuka ile siku ya mchujo, redio juu ya mashine. Mgeni alipoingia wa tatu ulipiga kelele mpaka mteja akachomwa pini. Nilidhani tumepona sote, kambi na wewe. Kumbe chama kilikuwa kinasikiliza redio hiyohiyo, kikasikia ni kazi ya Msaidizi. Jina la Msaidizi sasa limebandikwa kwenye mlango wako. Anaona aibu. Hajakaa kwenye kiti chako, ameleta stuli.

Nina hasira, Kocha. Wewe huna?

Kimbaumbau


Kwa Dada, 28 Julai

Kimbaumbau,

Nilikuwa nayo. Nilikaa nayo wiki nzima, ikanichosha kuliko magongo. Mwambie Msaidizi akikalie kiti. Alimwingiza Mgeni kwenye timu, tena bila filimbi. Chama hawakusema wamenifukuza, walisema nimestahili mapumziko, na waliongea kwa upole kama watu waliobeba mayai. Hilo ndilo liliniudhi hasa, ule upole.

Na usidhani nimekuwa malaika. Jumatatu nilitembea bila gongo mpaka uwanja wa shule, hapa nyuma. Hapakuwa na mtu. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikakimbia. Hatua nne. Mguu haukuuma hata kidogo, ulikataa tu, kama mlango uliofungwa kwa ndani. Nikasimama pale katikati ya majani mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikamwambia ndiyo, lakini asihangaike kutafuta.

Siku ya pili wauguzi wawili waliokuwa wananihudumia walinikuta hapohapo nimekaa. Wanataka kukimbia kilomita tano kabla mwaka haujaisha, hawajui waanzie wapi. Sasa wako wanne, pamoja na fundi umeme mmoja anayekimbia kama anafukuza kuku. Nawafundisha nikiwa kwenye kiti cha Dada. Kitu cha kwanza kila asubuhi, kabla ya kujinyoosha, nawauliza mmoja mmoja: wapi panauma? Na siendelei mpaka nijibiwe.

Niambie daktari kakuruhusu kilomita ngapi. Usizidishe hata hatua.

Kocha


Kambini, 20 Oktoba

Shikamoo Kocha,

Utakuwa umeshasikia, lakini nataka usikie kwangu.

Jana zilikuwa mbio zangu za kwanza tangu nipone. Barabarani, kilomita ishirini na moja. Mpaka kilomita ya kumi nilikuwa wa tano, nikawapita wawili kwenye kilima, mmoja kwenye daraja. Kilomita ya kumi na nne nilikuwa wa pili, na mgongo wa yule wa kwanza ulikuwa unakuja kwangu, Kocha, naona kabisa jasho lake. Nilikuwa na nguvu. Nilikuwa naimba moyoni.

Halafu nikauhisi. Juu ya unyayo, upande wa ndani.

Haukuwa uchungu mkubwa. Ulikuwa kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Nikakimbia hatua kama kumi nikiwa najiambia si kitu. Kisha nikatoka barabarani, nikakaa kwenye ukingo.

Watu walinizomea. Mzee mmoja akapiga kelele, "Inuka, binti, umebakiza kidogo!" Muuguzi wa huduma ya kwanza akaja, akanivua kiatu, akabonyeza kwa kidole gumba, pote. Hakuna kilichouma. Akachukua kiatu akakitazama, akanionyesha: ulimi wake ulikuwa umejikunja, na kamba nilikuwa nimeikaza kupita kiasi asubuhi, kwa wasiwasi. Kamba, Kocha. Kufikia hapo wameshapita watu arobaini. Nilirudi kwenye gari la walioshindwa, katikati ya mwanamume aliyekuwa akitapika na mwingine aliyelala.

Leo asubuhi nimepigwa picha hospitali, Msaidizi alisisitiza. Mfupa ni mzima.

Mgeni anasema ningeweza kushinda. Nami najua ningeweza. Tangu jana najiuliza swali moja tu, na hakuna wa kuniambia ukweli isipokuwa wewe. Safari hii niliogopa?

Kimbaumbau


Kwa Dada, 23 Oktoba

Kimbaumbau,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti. Dada alisimamisha mashine kusikiliza, na hilo hulifanya umeme ukikatika tu.

Ndiyo, uliogopa. Mtu aliyewahi kuvunjika ataogopa, na itakuwa hivyo kwa muda. Lakini hukutunga mvua. Ulikaa chini mbele ya barabara nzima, wakakuzomea, ukavua kiatu.

Mimi nilipokuwa na umri wako, au tuseme nilipokuwa na akili kama zako za Machi, nilifika mahali kama hapo. Mguu haukugonga kwa adabu, ulikuwa unaniita kwa jina. Sikusimama. Kikombe cha siku ile kipo hapa rafuni, Dada anatilia bobini za uzi. Na mguu wa siku ile nao upo hapa, uko chini ya meza, umevaa soksi.

Ungeshinda? Labda. Sitakudanganya kwamba haiumi kukosa. Lia siku mbili, ya tatu uende kukimbia taratibu, kamba umelegeza.

Mbio za Desemba nimeziona kwenye gazeti, ni barabara hiyohiyo. Nimemwomba fundi umeme anipeleke kwa pikipiki yake, asubuhi mapema, na kiti cha Dada nyuma yangu. Nitakaa kilomita ya kumi na nne, upande wa kivuli. Utakapofika hapo usinitazame. Ukipita, pita. Ukisimama, kiti ni chako.

Kocha